Amina ya Watu Kumi na Mmoja

Jumatatu, 5 Mei

Shalom, nafsi yangu. Umeamkaje? Mimi nimeamka na lile goti la kushoto linauma, lakini nimeamka, asante Yesu.

Saa kumi na nusu ofisi imefunguliwa. Chai ya madereva, thamosi mbili. Basi la kwanza la Nairobi limetoka limejaa. La Molo limechelewa dakika kumi, ukungu. Nimeomba na madereva kama kawaida, tumeshikana mikono kando ya basi, injini inanguruma. Kwa karatasi mimi ni msimamizi wa ofisi hapa kampuni ya mabasi ya Upeo. Kwa ukweli mimi ndiye ninayeomba. Nimefika darasa la nane tu, lakini hakuna mkutano unaoanza kabla sijafunga macho.

Upeo inakua. Nilipoingia tulikuwa na magari matatu. Mwaka juzi Mkurugenzi alinunua kampuni ndogo ya Njoro, mwaka jana ile ya Molo. Sasa anataka Asubuhi Njema, yale mabasi manne ya Bi Zuhura yanayotoka hapa Nakuru mpaka Naivasha, halafu yanazunguka ziwa kwenda Kamere na Ndabibi. Bi Zuhura amekataa mara mbili. Leo Mkurugenzi ameniita. Anataka niende mimi.

Ni kwa sababu mimi na Bi Zuhura tulikaa meza jirani pale steji miaka tisa, mimi nikikata tiketi za tajiri mwingine wa mabasi, yeye akikata za marehemu mume wake. Tuliazimana kalamu. Na mwavuli. Na siku moja viatu.

Nitaenda Jumatano. Moyo mzito, sijui kwa nini.

Jumatano, 7 Mei

Bondeni, nyumbani kwa Bi Zuhura. Chai ya tangawizi na kaimati. Amezeeka. Akasema hata mimi nimezeeka, ila nimezeekea upande wa chini. Tukacheka sana.

Hakatai kwa sababu ya bei. Amechoka na mabasi. Macho hayaoni vizuri, watoto wako mbali na hawataki kusikia habari ya spea. Anachoogopa ni watu wake. Kumi na mmoja. Madereva wanne, makonda wanne, fundi, mzee wa kuosha magari, na Nasra, yule dada anayekaa dirisha la tiketi kule Kamere. Wengine wako naye tangu mume wake akiwa hai.

Akaniuliza wafanyakazi wa ile kampuni ya Molo walienda wapi.

Nikasema wengine walipata kazi kwingine. Ni kweli. Mmoja alipata.

Akanitazama kidogo. "Mama Joy, mabasi ni mabati. Mabati nitauza. Na watu nao niwauze?"

Nikanywa chai.

Jumanne, 13 Mei

Ameuza.

Mkutano ulikuwa kwa ofisi yetu, saa nne asubuhi. Mkurugenzi, wakili, mimi, Bi Zuhura, na Barasa, dereva wake wa siku nyingi, aliyekuja kwa niaba ya wenzake. Alikaa kwa ncha ya kiti ameshika kofia.

Kabla ya kuingia Mkurugenzi alinivuta pembeni. Akaniambia niombe vile ninaombaga, lakini wafanyakazi niwataje, kwa sababu hofu ya huyu mama iko hapo.

Wakili akasoma kila kitu. Magari, njia, jina, madirisha ya tiketi. Bi Zuhura alisikiliza ameinamisha kichwa. Halafu akauliza watu wake wako ukurasa gani. Wakili akafunua kurasa. Mkurugenzi akasema mambo ya watu ni ya moyo, hayaandikwi, na Mama Joy atatufungia kwa maombi.

Nikasimama. Nikafunga macho. Nikasema: Bwana, hawa kumi na mmoja wanaokuja kwetu, asiachwe hata mmoja steji. Sahani tunayokulia sisi wakulie na wao. Mkurugenzi wetu umpe mkono wa kuwashika mpaka wazeeke.

Mkurugenzi alisema amina kwa nguvu. Wakili alisema akiwa bado anapanga karatasi. Barasa alisema mara mbili. Bi Zuhura alikuwa amefungua viganja, akavipitisha usoni, akasema amin yake polepole.

"Sasa nimesikia," akasema. Akaomba aonyeshwe mstari, akatia sahihi.

Yalikuwa maombi mazuri. Niliyafurahia hata nikiyasema. Hilo ndilo linanisumbua.

Jumatano, 14 Mei

Nilijua.

Wacha niandike hapa, hakuna mwingine wa kumwambia. Barua za kuwafuta kazi wale wa Molo nilizigawa mimi, kwa mkono huu, miezi mitatu baada ya kununua. Watu kumi na saba. Mmoja alinishukuru akidhani ni ya kupandishwa cheo.

Kwa hivyo jana nilijua. Nilitumaini tu safari hii itakuwa tofauti. Kujua na kutumaini vilikuwa kwa kichwa kimoja, na mimi nikafunga macho.

Jumamosi, 24 Mei

Nimetumwa Kamere kupeleka vitabu vipya vya risiti. Mabasi yote manne yameshapakwa rangi yetu. Jina la Asubuhi Njema limefunikwa, lakini jua likipiga ubavuni bado unasoma herufi chini ya rangi.

Barasa amepewa sare ya Upeo. Mikono ya shati imeishia karibu na viwiko. Konda wake, Kevo, anasema dereva wao sasa anaonekana kama mtoto wa shule aliyerudia darasa. Wote wako na furaha. Kumbe wamenipatia jina. Kevo aliniona nikishuka akaita wenzake: "Mama Amina amefika." Halafu kwa upole, karibu na sikio: "Mathe, sisi si tuko ndani ya yale maombi?"

Nikasema mko ndani.

Nimekaa na Nasra kwa dirisha lake karibu nusu siku. Anajua kazi. Wanawake wa mashamba ya maua wanakuja na gambuti zao za mpira, hawasemi wanaenda wapi, anakata tu. Anajua nani yuko zamu gani, nani ana mgonjwa Naivasha, nani anaficha siku ya mapumziko mume asijue. Mmoja alikuwa amechelewa. Nasra akazuia basi dakika tatu, kwa sababu huyo hajawahi kukosa bila sababu. Na kweli akatokea, anakimbia, ameshika mtoto aliye na homa.

Kwetu tungeondoka. Mashine yetu ya tiketi haijui nani hajawahi kukosa.

Alhamisi, 12 Juni

Imefika mapema kuliko ya Molo.

Mkurugenzi amenipa orodha nichape barua. Kumi na moja. Nilihesabu mara tatu kama mtu anayetafuta kosa. Zitolewe mwisho wa mwezi. Madereva wetu wa akiba watashika hayo mabasi, makonda watatoka hapa Nakuru, tiketi za Kamere zitakatwa kwa simu.

Si mtu mbaya. Nataka kuandika hilo. Alianza na basi moja, akiliosha mwenyewe. Joy alipolazwa alilipia hospitali bila mimi kuomba. Anasema kampuni kubwa za Nairobi zinatuangalia, na sisi tusipomeza tutamezwa. Anaweza kuwa sawa. Mimi sijui hesabu ya mambo makubwa.

Lakini nilimwambia. Nilisimama kwa mlango na ile orodha nikasema kwamba hawa tuliwaombea.

"Mama Joy, maombi si mkataba."

"Ulisema amina."

"Kila mtu anasema amina," akasema. Hakuwa na hasira. Akarudi kwa simu yake.

Ijumaa, 13 Juni

Sijachapa. Nimesema printa imeharibika. Uongo. Sijala.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada nilimngoja mchungaji. Nikamweleza bila majina. Akasema Mungu huangalia nia, na nia yangu ilikuwa njema, niende kwa amani. Nilimshukuru. Amani sijaipata. Sikumwambia kwamba nilijua, kwa hivyo alinipa dawa ya ugonjwa mwingine.

Baba Joy ameshuka kutoka Molo na gunia la viazi, matope mpaka magotini. Yeye anakaa kule shambani, mimi hapa mjini, tunaonana Jumapili kama wachumba. Nilimwambia yote, hata lile la kujua. Alisikiliza akimenya kiazi. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama siku ile nilikuwa naomba ama naahidi.

Nikasema sijui.

Akasema nijue kwanza. Halafu akatoka kuangalia kuku.

Jumatatu, 16 Juni

Barasa amekuja Nakuru kuleta basi kwa huduma. Akaingia ofisini, akavua kofia. Amepata vyumba viwili Kamere. Anataka kuleta mke na watoto kutoka Bungoma, wahame shule, wakae pamoja. Miaka sita amekuwa akiishi peke yake na jiko la mafuta. Alitaka kuniuliza kama ni sawa afanye hivyo sasa.

Orodha ilikuwa kwa droo chini ya mkono wangu. Jina lake ni la kwanza.

"Si wewe ndiye ulituombea," akasema. Anatabasamu.

Nikamwambia Mungu ni mwema.

Hilo ndilo nililomwambia. Nilijificha nyuma ya Mungu kama mtoto nyuma ya leso ya mama yake. Barasa akashukuru, akaenda kupiga simu Bungoma. Nilimwona dirishani akicheka na simu.

Sasa najua. Nilikuwa naahidi.

Jumatano, 18 Juni

Naandika wakati wa chakula cha mchana, ofisi iko kimya.

Leo walikuja wa Gilgil. Mzee Karanja na ndugu yake, wana mabasi matatu, Mkurugenzi anayataka. Kilichonimaliza ni kuona viti vimepangwa vilevile. Wakili yuleyule. Soda zilezile. Mkurugenzi alinivuta pembeni palepale na kusema maneno yaleyale: wafanyakazi uwataje.

Tukaingia. Akasema, "Mama Joy, tufungulie kwa maombi."

Nikasimama. Wote wakainamisha vichwa. Sikufunga macho. Niliona vichwa vyao, upara wa wakili, kofia ya Mzee Karanja kwa goti. Nikasema, "Leo sitaomba. Yale ya mwezi wa tano bado hayajaisha."

Vichwa vikainuka. Mkurugenzi akacheka kidogo, akasema mama amechoka, ni umri. Mzee Karanja hakucheka. Akauliza maombi gani hayo.

Nikamwambia. Kumi na mmoja. Amina ya Mkurugenzi, amina ya wakili. Orodha iko kwa droo. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama nikisoma mstari mbele ya kanisa nikiwa Shule ya Jumapili. Sikumtukana mtu. Nilisema pia kwamba mimi ndiye niliyewatia moyo, na sikuwa na haki.

Wakili aliangalia soda yake.

Mzee Karanja akafunika kalamu yake. "Basi, karatasi ya kwangu muandike watu kwanza," akasema. "Amina nitaisema nikifika nyumbani."

Akaongeza kwamba kabla ya kurudi atapita njia ya Kamere mwenyewe, aone kama hao watu wa yule mama bado wako kazini. Akaondoka na ndugu yake. Hawakumaliza soda.

Mkurugenzi alibaki amekaa. Sikungoja aseme kitu.

Alhamisi, 19 Juni

Hakuna aliyenisalimu isipokuwa walinzi. Mkurugenzi alisema sentensi moja tu: nimemvua nguo mbele ya wageni. Ni kweli. Nilimvua.

Saa kumi na moja madereva walinyoosha mikono kama kawaida. Nikaishika lakini mdomo ulikataa. Wakangoja. Mwishowe dereva wa basi la Molo akaomba yeye: Mungu, breki zishike, amina. Wakaenda. Breki zilishika siku nzima. Labda hivyo inatosha.

Ijumaa, 27 Juni

Uamuzi umetoka.

Mzee Karanja alirudi na wakili wake mwenyewe. Ukurasa wa watu umeandikwa, majina yote ya Gilgil, kazi ya miaka mitatu. Na kwa sababu alikuwa ameshapita Kamere akauliza kila mtu jina, Mkurugenzi hakuweza kufuta wote. Madereva wanne wanabaki. Makonda wanne wanabaki. Nane, kwa maandishi.

Watatu wanaenda. Fundi, kwa sababu tuna gereji yetu. Mzee wa kuosha magari, kwa sababu tuna mashine. Na Nasra.

Tiketi za simu zimeshindwa kule, mtandao hauko. Dirisha la Kamere litabaki. Lakini litakaliwa na mimi. Ndiyo adhabu yangu. Kuanzia Julai natoka hapa naenda kukaa kwa kile kiti. Mkurugenzi amesema nilikuwa nawahurumia sana watu wa Kamere, basi nikawahudumie.

Bi Zuhura amepiga simu mara mbili. Sikushika. Mwoga.

Jumamosi, 28 Juni

Nilienda Kamere kuona dirisha. Nasra tayari anajua. Alikuwa amepangusa meza, akaniandikia daftari la majina: huyu zamu ya asubuhi, huyu umkopeshe dakika mbili, huyu usimuulize habari ya mume. Kurasa tisa. Kwa mwandiko mzuri. Ili mimi nisipate shida.

Nilikaa kwa kiti. Kina mto alioushona mwenyewe. Nilikaa dakika moja hivi nikainuka.

Natamani angenitukana.

Jumatatu, 30 Juni

Nimeacha kazi.

Nilimwambia Mkurugenzi kiti cha Kamere kina mtu, na kama ni lazima kitoke kiti kimoja, kitoke changu. Akauliza miaka mingapi imebaki nistaafu. Nikamwambia. Akasema mimi ni mjinga. Nikakubali, kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa najiambia hivyohivyo. Sikufanya kwa ujasiri. Nililia chooni kabla na nikalia tena baadaye. Sina kazi nyingine, na naijua hii tu.

Akaandika jina la Nasra kwa kalamu chini ya yale majina manane, akapiga muhuri. Nikasubiri wino ukauke. Nikaomba nakala.

Nilipofika mlangoni akaniita, akauliza kama siwezi hata kumwombea kabla sijaenda. Alikuwa ameshainamisha kichwa. Nikarudi. Nikamwombea afya ya moyo na usingizi, basi. Vitu ambavyo hawezi kumwahidi mtu mwingine kwa mdomo wangu. Akasema amina kwa sauti ndogo.

Madereva wamenipa blanketi. Kevo amenikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Barasa alivua kofia. Familia yake ilifika juzi.

Jumapili, 6 Julai

Molo. Baridi ya kuuma masikio. Kanisa la huku ni dogo, wanaimba polepole. Waliniuliza kama nitaongoza maombi, nikasema niacheni kwanza nisikilize. Baba Joy ameweka kuni za kutosha. Mvua imesimama, viazi vya upande wa chini vitachimbwa wiki ijayo.

Jana niliandika barua kwa Bi Zuhura. Nimempa dereva wa basi la Nakuru aifikishe kwa mkono. Nimeinakili hapa, nisije nikajidanganya baadaye kuhusu nilichosema.

"Bi Zuhura, salamu nyingi. Natumaini u mzima na macho yamepata nafuu. Nimeandika herufi kubwa kwa sababu yake. Sisi huku tuko salama, ila baridi.

"Watu wako tisa wamebaki. Nakala za majina ziko ndani ya bahasha hii. Wawili wametoka, fundi na mzee wa kuosha. Mzee Karanja wa Gilgil amesema atamwangalia fundi. Mzee wa kuosha sijampatia kazi. Nimeenda kwake, hayuko, wanasema amerudi Ndabibi kwa dada yake.

"Uliniuliza wale wa Molo walienda wapi. Walifutwa, na barua niligawa mimi. Siku ile naomba mbele yako nilikuwa najua hivyo. Ulitia sahihi kwa sababu ya mdomo wangu. Sikuombi useme ni sawa.

"Simu zako niliziona. Niliogopa. Sasa siogopi sana. Tafadhali nijibu upesi, hata kama ni kunigombeza. Mimi dada yako, Mama Joy."